Nafasi tupu si sifuri: kisa cha takwimu za majitaka ya Mto Msimbazi

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na unafika baharini karibu na Daraja la Salenda baada ya safari ya takriban kilomita 35. Njiani unapita Gongo la Mboto, Kinyerezi, Segerea, Tabata na Vingunguti, unapokea vijito vya Ubungo na Sinza, kisha unatandaa Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia kwenye mikoko. Kule juu ni kijito cha msituni. Ukifika Kigogo wakati wa kiangazi, maji ni meusi na yananuka, na bado bondeni kuna watu wanamwagilia mchicha utakaouzwa sokoni siku hiyo hiyo.

Kila anayepita pale anajua mto umechafuka. Swali gumu ni nani anaingiza nini, kiasi gani, na saa ngapi. Modeli ya uchafuzi hutengenezwa ili ijibu swali hilo: unaipa mvua, mteremko wa ardhi, matumizi ya ardhi na vyanzo vya majitaka, nayo inakuonyesha mzigo wa uchafu katika kila kipande cha mto, na nini kingetokea kama chanzo fulani kingesafishwa. Mvua tunazo takwimu zake. Mteremko unasomwa kwa picha za setilaiti. Majitaka ndiyo yanayokwamisha kazi, na yanaikwamisha kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuandaa jedwali lenyewe hawezi kuiona kwenye ramani nzuri ya rangi inayotoka mwishoni.

Nilipokaa kuandaa jedwali la vyanzo vya Msimbazi nilidhani shida kubwa itakuwa kupata vibali vya kuingia viwandani. Hiyo ilikuwepo. Lakini iliyonisumbua zaidi ilikuwa nafasi tupu ndani ya jedwali. Programu haielewi nafasi tupu. Ukiiacha, ama inakataa kuendelea, ama inaisoma kama sifuri na kusonga mbele bila kusema lolote. Ikisoma sifuri, chanzo ambacho hakijapimwa kinakuwa chanzo kisafi kuliko vyote mtoni, na mzigo wote unaangukia wale waliopeleka taarifa zao. Aliyejipima anaonekana mchafuzi, na asiyejipima anatoka bila doa. Kosa hili halitokani na mlinganyo wowote wa hesabu, na hakuna marekebisho ya mlinganyo yanayoweza kulifuta.

Madaftari manne, mto mmoja

Kisheria, Tanzania si nchi isiyo na utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na chini yake NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, inasimamia tathmini na ukaguzi wa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga majitaka mtoni awe na kibali kutoka bodi ya maji ya bonde, na kwa Msimbazi hiyo ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Anayeunganisha kwenye bomba la majitaka la mji anahusika na DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam. Leseni ya biashara iko halmashauri. Viwango navyo vipo: majitaka yanayoruhusiwa kutoka yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu), na miligramu 60 za COD (oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu huo kwa kemikali).

Kwa hiyo taarifa zipo, ila zimekaa kwenye madaftari manne yaliyofunguliwa kwa madhumuni manne tofauti, na hakuna namba moja inayomtambulisha mmwagaji katika yote. Kiwanda kilichobadilisha mmiliki baada ya ubinafsishaji kinaweza kuonekana kama viwili, kimoja kwa jina la zamani na kingine kwa jipya. Ukiviacha vyote kwenye jedwali, mto unapokea majitaka yale yale mara mbili.

Eneo la chanzo nalo lina mtego wake. Anwani inayoandikwa kwenye fomu mara nyingi ni ya ofisi, na ofisi inaweza kuwa Posta wakati kiwanda kiko Ubungo. Hata ukipata eneo sahihi la kiwanda, bado hujui bomba linatokea wapi. Kwa ardhi ya Dar es Salaam, ambako mwinuko mdogo tu unatenganisha kijito na kijito, mita mia mbili zinatosha kuhamisha majitaka kutoka kijito cha Sinza kwenda cha Ubungo ndani ya modeli. Lazima utembee kwa miguu ukifuata harufu na mifereji mpaka uuone mdomo wa bomba, ndipo ubonyeze GPS.

Halafu kuna ujazo. Kibali kinataja kiasi cha juu ambacho mtu ameruhusiwa kumwaga. Hicho si kiasi anachomwaga. Nimeona zaidi ya mara moja kiasi cha kibali kikiingizwa kwenye modeli kana kwamba ni kipimo, kwa sababu tu ndiyo tarakimu pekee iliyopatikana.

Ndoo, saa, na kitu kinachosahaulika

Ripoti nyingi za majitaka zina safu ya ukolezi: BOD kiasi hiki, COD kiasi hiki, pH (kipimo cha uasidi au ualkali) kiasi hiki. Safu ya ujazo haipo. Sababu inaeleweka, kwani kiwango cha kisheria kimewekwa kwa miligramu kwa lita, na mkaguzi anataka kujua kama umevuka au hujavuka. Kwa kazi hiyo chupa moja inatosha. Kwa modeli, ukolezi bila ujazo haukusaidii kitu.

Chukua mfano. Kiwanda kidogo kinatoa majitaka yenye BOD ya miligramu 400 kwa lita, zaidi ya mara 13 ya kiwango. Kinatoa mita za ujazo 50 kwa siku. Ukizidisha unapata kilo 20 za BOD kwa siku. Bwawa la kusafishia majitaka lenye BOD ya miligramu 60 tu linatoa mita za ujazo 5,000 kwa siku, nalo linaingiza kilo 300. Mkaguzi atakimbilia kiwanda, na kisheria hajakosea. Lakini mto unabeba mzigo mara 15 zaidi kutoka kule ambako maji yanaonekana karibu safi. Bila ujazo huwezi kuliona hili kabisa.

Kupima ujazo hakuhitaji mitambo ya ajabu. Pale ambapo bomba linaning'inia juu ya mfereji nilitumia ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa sekunde nane. Hiyo ni lita mbili na nusu kwa sekunde, na mkono unakimbilia kuandika mita za ujazo 216 kwa siku. Nikaandika. Jioni nilipopita tena, bomba lilikuwa kavu. Kiwanda kile kilikuwa kinamwaga saa za kazi tu. Ukihesabu saa tisa za kazi kwa siku, zile 216 zinabaki 81. Tofauti hiyo yote imetokana na kuamini kwamba nilichokiona kwa sekunde nane kinaendelea mchana na usiku.

Mama mmoja anayelima mchicha kando ya kijito alinitazama nikipanga chupa zangu saa nne asubuhi, akaniambia, "Mwanangu, ukitaka kuujua huu mto njoo saa tisa usiku." Nilimwamkia, nikakaa naye kwenye jaruba. Alinieleza jinsi maji yanavyobadilika rangi usiku, na jinsi wao wenyewe wanavyojua saa za kutomwagilia. Alikuwa na ratiba ya majitaka kichwani ambayo haimo kwenye daftari lolote kati ya yale manne. Tangu siku hiyo sijapanga sampuli bila kwanza kuwauliza walima mchicha.

Saa ni jambo zito kwa sababu kazi zenyewe zina saa zake. Machinjio hufanya kazi usiku mpaka alfajiri ili nyama iwahi bucha. Ukienda saa nne asubuhi unakuta maji ya kuoshea sakafu. Damu yenyewe ina BOD inayozidi miligramu 150,000 kwa lita, kwa hiyo lita 10 za damu ya ng'ombe mmoja zikiponyoka kuingia mferejini ni kilo moja na nusu ya BOD, sawa na uchafu wa watu karibu 38 kwa siku nzima. Kiwanda cha nguo nacho hutoa kwa mikupuo: rangi inawekwa, kitambaa kinasuuzwa, pipa linamwagwa, na pH inapanda mpaka 10 au 11 kisha inashuka. Chupa moja ya saa nne inakupa mkupuo mmoja uliobahatika kukutana nao. Kinachohitajika ni sampuli ya mchanganyiko wa saa 24, iliyochotwa kila saa kwa kulingana na ujazo. Hiyo inamaanisha mtu wa kukesha pale, usalama wake, na kiwanda kukubali mgeni akeshe getini.

Ukishapata sampuli, mbio zinaanza. Chupa ya BOD inatakiwa ikae kwenye barafu, ifike maabara na kuanza kupimwa ndani ya saa 24, na mapema zaidi ni bora, kisha ikae siku tano kwenye nyuzi 20 bila kutetereka. Foleni ya Barabara ya Mandela hula saa mbili za barafu yako. Umeme ukikatika siku ya tatu, kipimo kimekufa na huwezi kurudi kukichota kile kile, kwa sababu mto wa Jumanne haurudi tena.

Majitaka yasiyo na bomba

Mpaka hapa nimezungumzia wenye bomba. Lakini ni mkazi mmoja hivi kati ya kumi wa Dar es Salaam aliyeunganishwa na mtandao wa majitaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wasiounganishwa wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na maelfu kwa maelfu wako kwenye miteremko inayoelekea Msimbazi.

Shimo likijaa kuna njia kadhaa. Anayeweza anaita gari la kunyonya, ambalo hupeleka uchafu kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Pale ambapo gari halifiki, na vichochoro vya uswahilini vingi havipitishi gari, wanaitwa vyura, vijana wanaoingia shimoni na kuchota kwa mikono. Na mvua kubwa ikinyesha, kuna kutapisha choo: tundu linafunguliwa ubavuni mwa shimo ili mafuriko yabebe kilichomo. Sisemi hivi kumlaumu anayetapisha. Mtu aliyepanga chumba bondeni, na shimo limejaa, na gari haliwezi kufika, hana chaguo nyingi. Lakini mwandaaji wa modeli anayeamini kwamba majitaka ya nyumbani yanaingia mtoni kidogo kidogo kila siku amekosea mahali na wakati kwa pamoja. Mzigo huu unakuja kwa kishindo, kwenye masika na vuli, usiku, katika saa ambazo hakuna mtu anayechota sampuli.

Njia ya kawaida ni kukadiria kwa idadi ya watu. Mtu mmoja anazalisha gramu 40 hivi za BOD kwa siku, na wahandisi wengi wa ukanda wetu huanzia hapo. Kata zenye watu 100,000 zinazalisha tani nne kwa siku. Sasa inabidi uamue ni kiasi gani kinafika mtoni, kwa kuwa kingine kinabaki shimoni na kingine kinanywewa na udongo. Ukisema asilimia 10, ni kilo 400. Ukisema asilimia 30, ni kilo 1,200. Pengo la kilo 800 kati ya makadirio mawili yanayotetewa na watu wenye akili zao linazidi mzigo wa viwanda vingi vilivyopimwa kwa ndoo na kwa kukesha. Ramani ya mwisho inaweza kumhukumu mwenye kiwanda au mwenye choo kutegemea asilimia iliyoandikwa na mtu mmoja ofisini. Ndiyo maana nasisitiza asilimia hiyo ionekane ukurasa wa kwanza wa ripoti, isifichwe kwenye kiambatisho.

Waliotutangulia nao wana mashimo

Wapo wanaodhani shida hii ni ya nchi maskini. Ghuba ya Chesapeake, Marekani, inapokea maji kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 166,000, likigusa majimbo sita na mji mkuu wao. Sheria yao ya maji safi ni ya mwaka 1972, na wenye vibali hutuma taarifa za vipimo kwa utaratibu uliopangwa. Mwaka 2010 waliwekewa ukomo wa nitrojeni na fosforasi kwa ghuba nzima, ukitokana na modeli. Hata hivyo, mitambo mingi midogo ya kusafishia majitaka haikuwa na vipimo vya nitrojeni, kwa sababu vibali vyake havikuidai. Walichofanya ni kuweka thamani za kukadiria, wakaziandika wazi kuwa ni za kukadiria, na wakazibadilisha kila vipimo halisi vilipopatikana. Kutoka kwao tunaweza kuchukua uwazi wa kuandika "hiki kimepimwa" na "hiki kimekisiwa" kwenye mstari huo huo wa jedwali.

Namna tulivyoziba, na pasipozibika

Ujazo wa viwanda tulianza kuutafuta kwenye bili za maji, kwa kuchukua asilimia 80 ya maji yaliyonunuliwa kuwa ndiyo yanayotoka kama majitaka. Ni kanuni ya kawaida ya usanifu. Ilivunjika haraka, kwani viwanda vingi vya Dar es Salaam vina visima vyao, na maji ya kisima hayapo kwenye bili. Kwa kiwanda cha vinywaji kanuni yenyewe haifai, maana sehemu kubwa ya maji inaondoka kwenye chupa.

Kwa mabwawa, kilichosaidia ni daftari la getini. Kila gari la kunyonya linaandikwa linapoingia kumwaga. Ukijua ujazo wa tenki na idadi ya safari, unapata picha nzuri kuliko makisio yoyote ya vitabuni, na unaona mwezi wa mvua unavyotofautiana na mwezi wa jua. Daftari lile liliandikwa kwa ajili ya malipo, na kwa sababu ya malipo limeandikwa kwa uangalifu.

Njia iliyotupa mwanga kuliko zote ilikuwa kuupima mto wenyewe, kipande kwa kipande. Unapima ujazo na ukolezi juu ya kipande, unapima chini yake, unatoa vyanzo unavyovijua. Kinachobaki ni mzigo usio na mwenyewe. Kwa BOD hesabu hii inayumba kwa sababu uchafu unaoza njiani, kwa hiyo tulianza na upitishaji umeme wa maji, unaopanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyozidi, ambao mita ndogo ya mkononi inausoma papo hapo na haupungui kwa kuoza. Kwenye vijito vyembamba vyenye maji ya kasi tulipima ujazo kwa chumvi ya kawaida: unayeyusha kilo kadhaa kwenye ndoo, unamwaga kwa mkupuo mmoja, na mwenzako aliye mita themanini chini anaandika usomaji wa mita kila sekunde tano mpaka wimbi la chumvi lipite. Kadiri wimbi linavyokuwa dogo ndivyo kijito kilivyo na maji mengi. Watoto walikusanyika kutazama, na mzee mmoja akatuuliza kama tunaupikia mto.

Njia hii haimtaji mchafuzi kwa jina. Inasema tu kwamba kati ya daraja hili na lile kuna mzigo ambao hakuna aliyeuripoti. Kwa kazi ya modeli hilo ni bora mara mia kuliko sifuri, kwa sababu unaupa mzigo huo jina lake halisi: chanzo kisichojulikana, kipande fulani, kiasi fulani, kikiwa na kikomo cha chini na cha juu.

Chini ya Jangwani njia hiyo inakufa. Bahari inapojaa, maji husukumwa kurudi juu, na mto unaopimwa kwa mita ya mwendo unakuonyesha unatiririka kuelekea Pugu. Chumvi ya bahari inavuruga mita ya umeme na inavuruga pia kipimo cha COD, maana kloridi husomeka kama uchafu isipodhibitiwa. Sampuli zilizochotwa eneo hilo bila kuandika saa na hali ya maji, yanajaa au yanapwa, sikuzitumia, hata pale ambapo kuziacha kulibakiza nafasi tupu.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kifaa kinacholitatua. Mwenye kiwanda anayekufungulia geti anajua kwamba namba utakayoandika inaweza kumrudia kama faini. Meneja mmoja alinieleza hilo kwa upole, akanirudisha barabarani, na sikuona sababu ya kumkasirikia. Namba za modeli na namba za adhabu zinatoka kwenye bomba moja, na mpaka ziwe na njia mbili zinazoaminika, chanzo kinachopimwa kitakuwa ni kile kisicho na la kuogopa. Napendekeza takwimu za modeli zikusanywe na taasisi isiyotoza faini, zihifadhiwe kwa kipande cha mto badala ya jina la kampuni, na mkaguzi aendelee na chupa zake kivyake.

Msimbazi sasa una mradi mkubwa wa fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 200 zilizoidhinishwa mwaka 2022, wenye shabaha kuu ya mafuriko na daraja jipya la Jangwani. Modeli ya mafuriko inahitaji vituo vya kupima kina na ujazo wa mto. Ni ujazo ule ule ambao modeli ya uchafuzi imeukosa. Kituo kikishasimama juu ya pale bahari inapofika, kuongeza mita ya upitishaji umeme na mtu wa kuchota chupa ni gharama ndogo mno ukilinganisha na zege. Ningeanzia Kigogo, kabla ya masika, na chupa ya kwanza ningeichota saa tisa usiku.